Dogo wa Katoro, Wembe wa Babu na Ndevu za Mchimbaji

Mtoto akililia wembe, mpe. Huyu dogo wa Katoro wala hakulia. Alituma hela kwa mtu wa Kariakoo, na siku chache baadaye boksi likashushwa kwenye basi, limefungwa gundi ya karatasi kila upande. Ndani kulikuwa na wembe wa kukunja, ule mnaouona kwenye filamu za zamani, kinyozi anaufungua taratibu na mteja kalala kichwa nyuma kama yupo kwa daktari wa meno. Mpini mweusi, chuma kimeandikwa Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe kwa karne na karne. Mtumba, lakini mtumba wa heshima. Kwenye boksi hilo hilo kulikuwa na jiwe la kunolea lenye pande mbili, upande mmoja namba 1000, mwingine 6000. Hilo jiwe dogo aliliweka juu ya kabati na hakuligusa tena. Kumbuka hilo jiwe.

Kwa ambao hamjafika Katoro: ni mji wa mkoa wa Geita, ukitoka Geita mjini unaelekea Chato, na hela yake inatoka chini ya ardhi. Duara likiitika kule Lwamgasa au Nyarugusu, Katoro inajua jioni hiyo hiyo. Baa zinajaa, bodaboda wanapandisha nauli, na mtu ambaye juzi alikuwa anakopa chapati kwa mama lishe leo anaitwa bosi. Vinyozi wanawajua mapema kuliko benki. Mchimbaji akipata, kabla hajanunua simu wala pikipiki, anakwenda kutoa ndevu.

Dogo aliona mchongo hapo. Saluni za Katoro ni nyingi na zote zinafanana: mashine, kioo, spika, picha ya vichwa ukutani. Yeye akaanzisha kitu alichokiita shevu ya kibosi. Taulo la moto, povu jeupe, muziki wa taratibu, wembe wa kukunja. Elfu kumi na tano. Akajirekodi, akaweka TikTok, watu wakamiminika kwenye komenti wakiuliza saluni ipo wapi.

Tatizo ni moja tu. Wembe ulikuja butu.

Nyembe za mtumba karibu zote huja hivyo, na hata mpya nyingi zinataka kunolewa kabla hazijagusa shavu la mtu. Dogo hakujua. Akaupeleka kwa jirani yake wa bucha mwenye jiwe la kunolea visu, lile gumu la kijivu la kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akaunoa kama watu wanavyonoa panga: mgongo juu, makali chini, anakandamiza, jasho linatoka. Akajaribu kwenye mkono, vinyweleo vikakatika. Akasema fresh.

Mteja wa kwanza wa maana alikuwa mchimbaji ambaye harusi yake ilikuwa Jumamosi, Kahama. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye makarasha, ndevu zimekuwa nyeupe kwa vumbi la mawe. Dogo akamfuta na taulo kavu, akampaka povu, video inarekodiwa, akaanza. Wembe haukukata, ulivuta. Mchimbaji akatoa machozi bila kulia, ile ya kiume. Dogo akaona ndevu zimebaki fupi fupi, akarudia kinyume na zilivyoota, huku amevuta ngozi ya shingo mpaka imekuwa kama ngoma. Damu ikatoka sehemu tatu. Akabandika vipande vya tishu, akapaka spiriti, jamaa akaruka kwenye kiti.

Siku ya harusi shingo ilikuwa imejaa vipele kama mbegu za mtama. Kwenye picha zote bwana harusi ameinamisha kidevu, unaweza kudhani anasali. Hakuja kugombana. Alifanya kitu kibaya zaidi: aliweka picha ya shingo yake kwenye grupu la WhatsApp la wachimbaji, akaandika maneno matatu tu. "Nimenyolewa bila maji."

Wiki mbili dogo alikaa anajinyoa mwenyewe kwenye kioo kwa kukosa kazi.

Aliyemtoa hapo ni mama yake, tena kwa simu ya kuulizia mambo mengine kabisa. Dogo analalamika kwamba kauziwa wembe feki, mama anamsikiliza, mwisho akamwambia: "Kwani babu yako wa Shinyanga si alikuwa kinyozi wa Mwadui? Mpelekee auangalie." Dogo alikuwa anamjua Babu kama mzee wa redio na kofia. Habari za wembe hakuna aliyewahi kumwambia. Akapanda basi la Kahama, akaunganisha Tinde, akaingia Shinyanga mjini jioni na boksi lake kwapani.

Babu anakaribia themanini na anaishi Ngokolo. Miaka ya sabini alikuwa ananyoa wafanyakazi wa mgodi wa almasi wa Mwadui, ule ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mgodi una hadithi zake kubwa. Mwaka 1947 iliokotwa pale almasi ya pinki ya karati 54.5, ikapelekwa Uingereza kwa Elizabeth kabla hajawa malkia, zawadi ya harusi. Babu almasi hakuziona. Yeye alikuwa na kigoda, beseni, sabuni, mkanda wa ngozi kwenye msumari na wembe mmoja, na siku ya mshahara foleni ilikuwa inazunguka mti.

Dogo akasalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa maji, akaulizwa habari za mama. Ndipo akafungua boksi. Babu hakugusa makali hata kidogo. Alitoka na wembe nje, jua bado lipo, akauelekeza makali juu kama mtu anayechungulia uzi wa sindano.

"Unaona huo mstari unaong'aa?"

Dogo akasema anauona, unang'aa vizuri sana.

"Makali hayang'ai. Yakiwa makali kweli ni membamba mno, mwanga hauna pa kukaa. Hicho unachokiona kinang'aa ni ubutu wako."

Halafu akauliza swali lililomchanganya dogo: umemnyoa nani na huu? Dogo akajibu wateja wawili watatu. Babu akanyamaza. Akaagiza wembe uoshwe kwa sabuni na maji ya moto, akachukua kitambaa, akafunika mkanda wake wa ngozi uliokuwa unaning'inia mlangoni. Akamtafutia dogo kipande cha mkanda wa suruali wa zamani. "Wewe tumia huu." Dogo akaona mzee ana uchoyo.

Kesho yake asubuhi ndipo shule ilianza, na haikuanza na kunoa. Ilianza na lile jiwe la juu ya kabati, ambalo bahati nzuri alikuwa amelibeba. Babu akalipapasa, akasema limepinda. Kwa macho lilikuwa limenyooka kabisa. Akaomba kipande cha kioo cha dirisha na msasa wa maji. Msasa ukalazwa juu ya kioo, jiwe likachorwa mistari ya penseli upande mzima, dogo akaambiwa asugue juu ya msasa na maji mpaka mistari yote iishe. Katikati iligoma kuisha. Maana yake jiwe lilikuwa na bonde, na wembe ukinolewa kwenye bonde unakata katikati na kugoma pembeni, au kinyume chake. Zaidi ya nusu saa ilikwenda hapo, kusugua jiwe tu. Hii ndiyo sehemu ambayo video za mtandaoni wanaikimbiza kwa sekunde tatu na muziki juu.

Pili, mgongo. Kisu cha jikoni ukikinoa unakadiria mwenyewe mwinuko wa mkono wako. Wembe wa kukunja haukuachii ukadirie. Mgongo wake mnene umetengenezwa kwa hesabu: ukiulaza wembe bapa juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, pembe inajipanga yenyewe. Ndiyo maana mgongo hauinuliwi kamwe, hata kwa unene wa karatasi. Dogo kule bucha alikuwa ameuinua kidole kizima. Alikuwa ameutengenezea makali ya shoka.

Babu akamwambia apake wino wa maka peni kwenye makali, pande zote mbili, halafu apitishe mara tano tu. Wino ukatoka kwenye bega la makali, pale juu kidogo. Kwenye ncha yenyewe ukabaki mweusi. Kwa hiyo jiwe lilikuwa halifiki kabisa kwenye sehemu inayokata, na kazi ilikuwa kula chuma mpaka lifike. Kwa upande wa namba 1000 hiyo ilichukua saa nzima na zaidi. Makali yanatangulia, kama mtu anayetaka kubandua ngozi nyembamba juu ya jiwe. Wembe unakwenda mshazari, unaanza na kisigino unaishia na kichwa, kwa sababu jiwe ni jembamba kuliko urefu wa makali. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuubingirisha juu ya mgongo, unarudi na upande wa pili. Moja kwenda, moja kurudi, pande zote sawa.

Na usikandamize. Hili Babu alilisema mpaka likachosha. Ukikandamiza, chuma chembamba kinajikunja, unanoa mahali ambapo mkono ukilegea hapapo tena. Mzee macho yake sio mazuri siku hizi, basi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, amefumba, anasikiliza. Dogo akikandamiza sauti inakwaruza. "Punguza." Akilegeza inakuwa kama mtu anafagia kwa mbali. "Hapo." Baadaye maji yenyewe yakaanza kumwonesha: makali yakishakaa bapa sawasawa, maji ya juu ya jiwe yanapanda juu ya wembe yakisukumwa mbele, badala ya kupita chini yake. Dogo aliona hilo saa kumi jioni, akaita "Babu njoo!" kama kaona dhahabu.

Siku ya pili upande wa 6000. Hapa hakuna kula chuma, ni kufuta mikwaruzo iliyoachwa na 1000. Namba inavyokuwa kubwa, chembe za jiwe zinakuwa ndogo, na makali yanakuwa laini. Wenye uwezo wanaendelea mpaka 8000 na 12000. Wembe unaokata vinyweleo vya mkono ukitoka 1000 ni mkali, ndiyo, lakini makali yake ukiyakuza ni kama msumeno, na msumeno ukipita kwenye shingo ya mtu unaacha moto. Ukali na ulaini vinatengenezwa kwenye mawe tofauti. Dogo alikuwa anadhani ni kitu kimoja.

Kulikuwa na kituko hapo. Mtandaoni wanajaribu wembe kwa unywele mrefu: unaushika unaning'inia, unaushusha juu ya makali, unakatika wenyewe. Nywele za dogo ni za kipilipili, za Babu hazipo. Dogo akaomba uzi mmoja wa rasta kwa binamu yake, akauning'iniza, ukapinda. Akajaribu tena, ukapinda. Akaanza kukata tamaa kabisa, mpaka binamu akamwuliza kama anajua kwamba rasta ni plastiki. Mwisho wakapima kwa vinyweleo vya mkono, ila wembe haugusi ngozi, unapita hewani nusu sentimita juu yake. Vikaanza kudondoka. Sio vyote, vingi.

Halafu mkanda. Huu watu wanaudharau kwa sababu unaonekana kama mbwembwe za filamu, kumbe ndio unaofanya shavu lisiwake. Makali yakitoka kwenye jiwe, na kila baada ya kunyoa, yanakuwa na vijinyuzi vya chuma visivyoonekana vimelala huku na huku. Ngozi inavinyoosha. Kwenye mkanda mwendo unageuka: mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukisahau ukatanguliza makali, unakata mkanda. Dogo alisahau mara ya nne. Kipande kikaondoka kabisa, Babu hata hakufumbua macho. Alisema tu, "Ndio maana nilikupa wa suruali."

Hamsini, sitini, kila asubuhi kabla ya kunyoa. Jiwe ni mara chache kwa mwaka, mkanda ni kila siku. Unavutwa wima usilegee kama kamba ya kuanikia, na kabla ya kuanza unaupiga kiganja mpaka upate joto na vumbi litoke.

Vumbi. Hapa Babu aliuliza Katoro wanapondea wapi mawe, na dogo akaeleza: makarasha yapo pembeni ya mji, upepo ukigeuka kila kitu kinakuwa cheupe, hata chai. Mzee akatikisa kichwa. Mawe meupe yanayobeba dhahabu, wataalamu wanayaita kwatzi, ni magumu kiasi cha kukwaruza chuma cha wembe. Punje zake zikikaa kwenye mkanda wa ngozi, kila ukipitisha wembe unauharibu huku unadhani unaunoa. Zikikaa kwenye ndevu za mteja, ni kama unanyoa msasa. Yule bwana harusi alikaa kwenye kiti na nusu ya karasha kidevuni, akafutwa na taulo kavu. Hata wembe wa malaika usingetoka salama.

"Mwenzako akinyolewa, zako tia maji," Babu akasema. "Mnasema hivyo kwenye siasa na mpira. Sisi lilikuwa agizo la kazi." Ndevu kavu ni ngumu sana. Zikikaa na maji ya moto na sabuni dakika mbili tatu zinanywa maji zinalegea, wembe unapita. Foleni ya Mwadui ilikuwa inaendeshwa hivyo: anayefuata anapakwa sabuni wakati wa mbele yake ananyolewa.

Mpaka hapo dogo alikuwa ameshapiga hesabu zake. Wembe umepona, ujuzi anao, shevu ya kibosi inarudi na video mpya. Akamweleza Babu mpango wote: mteja mmoja elfu kumi na tano, kwa siku watu sita, wembe unafutwa na spiriti, anafuata mwingine.

Babu akauchukua wembe mezani, akaufunga. Tak.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Tukumbushane, Chato yenyewe ilikuwa Kagera mpaka mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, kwa hiyo hii sio habari ya mbali. Habari zilipofika Shinyanga, foleni ya Babu ilikatika. Watu wakaanza kuja na nyembe zao mfukoni, za karatasi, wamezifunga kwenye gazeti. Wengine wakaacha kuja. Babu alizika vinyozi wenzake wawili miaka ile. Hakusema walikufa na nini, na dogo hakuuliza.

Alichosema ni kwamba wembe wa kukunja ulikuwa umekwisha kazi yake ya kuzunguka kwa watu, na yeye aliujua mapema kuliko wengi. Na hakukosea. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza, na damu yake haihitaji hata kuonekana kwa macho. Kufuta kwa spiriti sekunde mbili kati ya mteja na mteja ni kujifurahisha. Hata ukichemsha wembe, mkanda je? Ngozi haichemshwi. Makali yaliyogusa shingo ya huyu yanapita kwenye mkanda, makali ya kesho yanapita palepale. Hapo dogo akageuka kuangalia mlangoni, mkanda uliofunikwa kitambaa, akakumbuka alivyomwita mzee mchoyo moyoni.

"Sasa wa nini?" akauliza. Alikuwa ameuma hela yake ya miezi miwili kwenye lile boksi.

"Wako. Nyoa ndevu zako."

"Na wateja?"

"Mteja mpe wembe mpya. Kila mtu wake."

Dogo akanuna. Ukweli usemwe, yeyote angenuna. Alitoka akakaa barazani na simu yake mpaka magharibi.

Usiku Babu akamwita ndani. Kwenye kitambaa kulikuwa na wembe mwingine, mweusi wa mafuta ya cherehani, mwembamba kwa kunolewa miaka mingi, na kijiwe kidogo laini ambacho siku zote mbili hakikutoka. Wembe wa Babu mwenyewe, ambao tangu aache kazi haujagusa shavu lingine. Ilikuwa miaka miwili haujagusa hata la kwake. Akanyoosha mikono mbele ya taa, ndipo dogo akaona kwa nini. Mikono inatetemeka. Sio sana, ila kwa wembe ule kidogo ni kingi. Mzee aliyenyoa mgodi mzima alikuwa anapunguzwa ndevu na mjukuu wa jirani kwa mkasi.

Asubuhi dogo akaunoa kwenye kile kijiwe, mara ishirini tu, kama anafuta vumbi kwenye kioo cha simu. Akaupiga kwenye mkanda uliofunuliwa, sitini, hakukosea hata moja. Akachemsha maji. Taulo, sabuni, taulo tena. Babu akakaa kwenye kiti cha kamba, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

Wembe ulalie shavu, mgongo umeinuka kidogo tu, pembe kama ya thelathini hivi. Ukiusimamisha unakata ngozi, ukiulaza kabisa unavuta. Mikwaruzo mifupi. Fuata ndevu zilivyoota, na shingoni usibahatishe, papasa kwanza, maana pale zinaota kila upande. Usivute ngozi ikakaza. Hilo la mwisho ndilo lililomponza bwana harusi kuliko hata ubutu: ndevu zetu za kujikunja ukizikata huku ngozi imevutwa, kinyume na zilivyoota, zinabaki chini ya ngozi. Ukiachia, ncha inachongoka, inajikunja, inachoma kwa ndani. Hicho ndicho kipele, na kwa wengine kinaishia kovu nene lisilotoka. Kwa hiyo hata wembe mkali kuliko wote haukuokoi kama unataka shavu liwe kama yai. Acha kivuli kidogo cha ndevu. Kivuli hakijawahi kumharibia mtu picha za harusi.

Kidevu cha mzee nacho kilikuwa kinatetemeka. Dogo alikuwa anasubiri kitulie, anapita mara moja, anainua. Kitulie, anapita, anainua. Sauti ilikuwa ndogo sana, kama mtu anapasua karatasi chumba cha pili. Ilichukua karibu saa nzima na hakuna aliyeongea. Redio ilikuwa imezimwa, kitu ambacho binamu anasema hakijawahi kutokea nyumba ile.

Mwisho Babu akajipapasa polepole, shavu, taya, shingo, akasimama chini ya sikio la kushoto. "Hapa umeacha." Dogo akamalizia. Babu akapapasa tena.

"Wabeja, mjukuu wangu."

Akaomba kioo. Macho hayaoni vizuri, lakini alikaa nacho muda mrefu.

Dogo alirudi Katoro na boksi lake. Shevu ya kibosi bado ipo, ila imeshuka mpaka elfu tano na imebadilika. Ana kishikio kinachofanana na wembe wa kukunja, ndani anaweka nusu ya wembe wa kawaida. Anauvunja mbele ya macho ya mteja, ukiwa bado kwenye karatasi yake, na ukimaliza kazi unaingia kwenye kopo lenye mfuniko. Nusu wembe bei yake haifikii hata soda. Mengine yote ni ya Ngokolo: maji ya moto, dakika tatu, kufuata ndevu, kutovuta ngozi. Kuna wanaolalamika kwamba hawatoki wakiwa laini kabisa. Anawaambia ndivyo ilivyo, asiyetaka kuna saluni nyingine kumi barabara ile ile.

Video hazipati watu kama zamani. Kuvunja wembe mbele ya mteja hakuna mzuka wa kufungua chuma cha Solingen. Chuma hicho kipo nyumbani kwake, sio saluni, kwenye soksi mbali na vumbi, na kila Jumapili Babu anapiga simu kuuliza kama mkanda umepigwa. Mara moja kwa mwezi dogo anapanda basi kwenda Shinyanga. Nauli ya kwenda na kurudi inakula faida ya siku mbili, na hajawahi kumwambia mtu saluni anakwenda kufanya nini.

Bwana harusi naye alijitokeza, mwezi na nusu hivi baada ya balaa. Vipele vilikuwa bado, na alikuwa amezidi kuvinyoa. Dogo angeweza kumkalisha, kiti kilikuwa wazi na siku ilikuwa mbovu. Badala yake alimwomba radhi, akamwambia aache wembe wiki nne, ndevu ziote zipite juu ya ngozi zenyewe, na vikianza kutoa usaha aende zahanati. Hakuchukua hela. Jamaa akaondoka anamwangalia kama mtu anayemtapeli kwa njia mpya.

Alirudi wiki ya tano. Ndevu zimejaa, shingo imetulia, na kama kawaida anatoka kwenye karasha, mweupe mpaka kope. Akajitupa kwenye kiti.

"Bomba lile pale," dogo akasema. "Kanawe kwanza."

Akaenda, akarudi anadondosha maji kwenye shati. Dogo akamfunga kitambaa, akachukua wembe kwenye pakiti, akauvunja. Mchimbaji akageuza kichwa, anatafuta kwenye meza.

"Ule wembe wako wa kizungu uko wapi?"

"Ule una mwenyewe. Inua kidevu."